Bibi Nkwimba Alivyofunga Bonde

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, mbona imelegea? Waliokula wameitika, wasiokula wanaangalia sufuria. Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, nyuma ya hiyo zamani mnayoijua ninyi, palikuwa na kijiji chenye ng'ombe wengi na watu wenye maneno mengi. Mtemi wao aliitwa Ngelela. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, na wake watatu, na nasikia majina ya ng'ombe hakuwahi kuyachanganya. Mimi sikuwepo.

Kijiji kile kilikuwa na mbung'o. Nzi wa kuuma. Mbung'o akimuuma ng'ombe, ng'ombe anakonda, anaduwaa, anakufa. Mtemi akafikiri siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mbung'o wanakaa kwenye miti. Kateni miti."

"Ipi?" watu wakauliza.

"Yote."

Wakakata. Ko, ko, ko, bondeni. Ko, ko, ko, mlimani. Ko, ko, ko, mpaka mti wenye mzinga wa nyuki wa baba yake mtemi. Nyuki wakatoka kumtafuta aliyetoa amri. Walimpata, lakini hayo tuyaache.

Mbung'o wakaondoka. Kivuli kikaondoka. Mvua ikinyesha, maji yanateremka mbio, na udongo unateremka nayo. Majani yakaondoka. Kisima kikatoa tope, kisha kikatoa vumbi. Na ng'ombe wakaanza kukonda tena, safari hii bila kuumwa na nzi yeyote.

Sasa, palikuwa na bibi mmoja, Nkwimba. Mjane. Meno matano, ng'ombe mmoja. Ng'ombe aliitwa Madoa. Maziwa ya Madoa ndiyo yaliyomweka bibi hai, maana meno matano hayana la kuuambia mtama.

Bibi Nkwimba akachukua fimbo, akashuka bondeni. Akakwaruza kisiki. Kwaru, kwaru. Chini ya gome, kijani. Akakwaruza cha pili. Kwaru, kwaru. Kijani. Akakwaruza visiki mpaka mgongo ukakataa. Kisha akaenda barazani kwa mtemi.

"Mwanangu mtemi," akasema, "visiki viko hai. Mmekata vichwa, miguu imebaki. Tulifunge bonde. Tulizungushie miiba, mwaka mzima asiingie ng'ombe, asiingie mbuzi, asiingie mtu na shoka. Bibi zetu walifanya hivyo, wakaita ngitili."

"Na ng'ombe watakula wapi, mama?"

"Watakula kidogo. Wasipofunga mdomo mwaka huu, mwakani watafunga macho."

"Na atakayeingiza ng'ombe humo?"

"Achinjwe huyo ng'ombe. Nyama iliwe na kijiji kizima."

Wazee wakaipenda sana sheria hiyo. Kila mmoja alikuwa anamfikiria ng'ombe wa jirani.

Basi wakafunga. Mwezi wa kwanza, vumbi. Mwezi wa pili, vumbi. Mwezi wa tatu, vumbi, na Bibi Nkwimba akipita watu wanakohoa makusudi. Mwezi wa nne mvua zikaja. Visiki vikatoa vichipukizi, viwili viwili, kama masikio ya sungura. Majani yakafika kwenye kifundo cha mguu. Mvua zikaisha, majani yakafika gotini. Nje ya miiba, ardhi kavu kama kiganja. Ndani ya miiba, kijani. Ng'ombe wakapanga mstari nje, wanatazama. Na wenye ng'ombe wakapanga mstari nyuma ya ng'ombe, wanatazama.

Kamba ya Madoa ilikuwa imechakaa. Bibi alijua imechakaa. Kila siku alisema ataisuka nyingine.

Mwezi wa nane, asubuhi, jirani yake Minza akafika barazani. Huyu Minza hakuwa na ng'ombe, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuona mambo.

"Mimi sipendi kusema," akasema, naye alikuwa amekimbia njia nzima. "Madoa yuko ndani ya ngitili. Anatafuna kwa mashavu yote mawili."

Bibi Nkwimba akaletwa. Mtemi akamtazama, akatazama wazee.

"Mama yetu huyu ni mzee," mtemi akasema. "Na ng'ombe ni mmoja. Tumsamehe."

"Tumsamehe," wazee wakasema, wote kwa pamoja, haraka mno. Mmoja akaongeza kwamba hata yeye ana mama mzee. Mwingine akasema ndama wake ni mgonjwa, na mgonjwa naye ni kama mzee. Mtemi mwenyewe akakumbuka kwamba fahali wake mwekundu hali vizuri siku hizi.

Bibi Nkwimba akawasikiliza wote. Kisha akainuka, akaenda bondeni, akarudi akimvuta Madoa kwa kipande cha kamba kilichobaki. Akamfunga mbele ya mtemi.

"Sheria niliileta mimi," akasema. "Chinjeni."

"Mama, utakunywa nini?"

"Hilo ni la tumbo langu. La bonde ni lenu. Nikisamehewa mimi leo, jioni hamtakuwa na bonde."

Wakachinja. Kijiji kizima kikala, kama sheria ilivyosema. Watu walitafuna polepole, wakitazama chini. Bibi akaomba maini, kwa sababu ni laini. Akala. Minza akamuuliza kama ni matamu.

"Matamu," bibi akasema. "Alikuwa anakula majani mazuri."

Tangu siku hiyo hakuna mzee aliyekumbuka mgonjwa wake. Fahali mwekundu akavumilia na wenzake. Minza alimpelekea bibi kibuyu cha maziwa ya kuomba kila asubuhi. Yalikuwa na maji kidogo, lakini msinitaje.

Mwaka ukatimia. Visiki vimekuwa miti ya kumfikia mtu begani. Kisima kimerudisha maji. Mtemi akaamuru miiba iondolewe, ng'ombe walishwe sehemu moja tu, nyingine ibaki imefungwa. Ng'ombe wote wakasukumana langoni. Mtemi akanyoosha mkuki, akawazuia.

"Ng'ombe wa Bibi Nkwimba kwanza," akasema.

Bibi hakuwa na ng'ombe. Kila mtu alijua. Kijiji kikasimama, ng'ombe wakasimama, wakapisha njia, wakasubiri muda ule ule ambao ng'ombe mmoja mzee angeutumia kupita. Kisha bibi akapita mwenyewe na fimbo yake. Akang'oa jani moja, akalinusa.

"Sasa ingieni," akasema.

Nchi hutunzwa hivyo, wajukuu zangu. Panafungwa, panasubiriwa, panapona. Mkisikia msitu umefungwa, au ziwa limepumzishwa samaki wakue, msiruke miiba. Lakini mtazameni na aliyefunga, kama naye anakaa nje.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega na aibebe.