Mbavu za Baba Mkwe

Usiipite hii bila kuisoma, hasa wewe ambaye ukitajiwa wakwe unatetemeka.

Elikana alitaka kumwoa Nyemo. Kilichobaki ni neno la baba mtu, Mzee Chilongani, mwalimu mstaafu ambaye hata mbwa wa mtaa walimpisha njia. Jumapili mchana mzee akamwita kwenye banda la nyama choma la jirani. Elikana akaenda.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza: ncha za mbavu za mbuzi, zile zenye gegedu. Hakuna chakula duniani Elikana alichokipenda kuliko hicho. Mchomaji akazimwaga kwenye ubao, kachumbari na pilipili pembeni. Wakanawa.

"Karibu, kijana."

"Asante, baba. Tangulia."

Mdogo hapeleki mkono kabla ya mkubwa, hilo Elikana alifunzwa tangu anatambaa. Basi akangoja. Lakini mzee hakugusa nyama. Alikaza midomo, akatazama barabarani.

Mafuta yakaanza kuganda ubaoni. Elikana akajikagua kimoyomoyo. Nimesalimia vibaya? Au kuna fitina imemfikia? Jasho likamtiririka utadhani yeye ndiye aliyekuwa akichoma.

"Mbona huli?" mzee akauliza kwa ukali.

"Nakusubiri wewe, baba."

Mzee akageuzia tena uso barabarani. Elikana akaona mchumba anamponyoka hivi hivi. Akajikaza.

"Baba, kama jibu ni hapana, niambie tu. Nimekukosea wapi?"

Mzee akatazama huku na huku, kisha akainama na kunong'ona.

"Meno haya ya mbele ni ya bandia, nimewekewa Jumanne. Nikiuma gegedu yatabaki hapo ubaoni. Nyemo aliniambia unapenda ncha za mbavu, nikaziagiza ili unipende. Tangu asubuhi naogopa utakwenda kumsimulia mama yako kwamba mkweo ni kibogoyo."

Elikana hakucheka. Alimwita mchomaji, akaomba bakuli la supu. Mzee akanywa funda moja, mabega yakamshuka.

"Sasa kula, mwanangu," akasema. "Na waambie wazee wako walete posa. Tutawapikia wali."

Funzo: Yule unayemwogopa huenda anakuogopa wewe zaidi. Muulize.