Aliyemtoa Samaki Mafichoni

Hadithi hii nawaletea bila mwisho. Mwisho mtautia nyinyi.

Pale Same mjini aliishi mama mmoja, Bi Nakijwa, na walikuwapo watu watatu waliompenda. Elinazi, mwanawe, alijaliwa jicho: akipita mbele ya zizi la mbuzi, anakwambia yupi ataumwa kesho. Namkunda, binti yake, alijaliwa mikono; chochote kilichovunjika alikifanya kitu kingine. Wa tatu ni Nanzia, mjane wa mwanawe wa kwanza, aliyebaki kuishi na mama mkwe wake. Yeye alijaliwa utulivu. Akikaa uani, shomoro walitua karibu na miguu yake.

Mume wa Bi Nakijwa alifuga samaki sebuleni, katika tangi la kioo. Kabla hajafa aliagiza samaki mmoja kutoka Moshi, wa ukoo wa perege lakini mfupi kama kidole gumba, mwenye mapezi ya njano. Samaki akafika ndani ya mfuko wa nailoni, matanga hayajaanuliwa. Wakamtia tangini pamoja na wenzake. Akajibanza kwenye kona, nyuma ya mashine ya hewa, akawa hali wala haonekani.

Bi Nakijwa naye alikuwa ameacha kula. Aliketi mbele ya kioo kutwa, chai ikimpoea mkononi.

"Huyu ndiye mgeni wa mwisho wa baba yenu," alisema. "Akifa, nitajua nyumba hii imekwisha."

Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Watatu wale wakaogopa.

Elinazi akavuta kiti, akatazama tangi kwa muda mrefu. "Anaonewa," akasema. Kila mgeni alipotoa kichwa, samaki mkubwa wa milia alimrukia. Na yule wa milia alikuwa wa Elinazi mwenyewe. Alimlea tangu mdogo, na marehemu baba yake alikuwa akimtania kwa kumwita mjukuu. Elinazi akamchota, akamweka kwenye ndoo. Kesho yake akamkuta anaelea. Akamzika nyuma ya jiko, hakumwambia mtu.

Lakini mgeni hakutoka.

"Hana pa kukaa," alisema Namkunda. "Nani atatembea huku na huku kama hana kwake?" Alitaka vigae safi, visivyowahi kuguswa na sabuni wala mafuta. Vilikuwa mahali pamoja tu: kwenye mtungi wa maji aliorithi kwa bibi yake. Akauvunja. Akajenga mapango, akapanda majani mbele yake, akapunguza mwanga. Samaki akahamia pangoni siku ile ile. Ikaonekana pua tu. Chakula kikashuka mbele yake, kikaoza.

Ndipo Nanzia akaanza kuchota viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la uani. Alivishika vidoleni, akatia mkono tangini na kuuacha humo, hautikisiki, hadi vidole vikafa ganzi. Siku kwa siku. Genge lake la nyanya sokoni likabaki limefungwa, na wateja wakahamia kwa wengine. Asubuhi moja samaki akatoka, akala vidoleni mwake, kisha akazunguka tangi zima, mapezi yake yamekunjuka.

"Kumbe ana rangi nzuri hivi," alisema Bi Nakijwa. Wote wakageuka. "Nipeni uji."

Aliishi hadi mahindi yakavunwa, akila na kumsimulia kila aliyeingia habari za mumewe. Kisha kifua kikambana. Watatu wakiwa kitandani pake, akasema, "Tangi na samaki wangu apewe yule aliyemtoa mafichoni."

"Ni nani, mama?" aliuliza Namkunda.

Bi Nakijwa alikuwa amekwisha kukata roho.

Baada ya mazishi wakakaa sebuleni.

"Bila mimi angetafunwa," alisema Elinazi. "Mapango yako, Namkunda, yangekuwa kaburi lake."

"Kumwondoa adui si kumpa mtu makao, kaka," alijibu Namkunda. "Ulimwondoa, na bado akajificha."

Nanzia alisema mwisho, macho yakiwa chini. "Wifi, shemeji, mlimpa amani na mkampa nyumba, naye akakaa humo akifa njaa. Mimi sina mume, na sasa sina mama mkwe. Niacheni na huyu."

"Na sisi tumezika baba na mama," alisema Elinazi, akaondoka bila kuaga.

Namkunda na Nanzia wanamlisha yule samaki kwa zamu sasa, na hawasemezani.

Haya, nyinyi mliosikia. Tangi ni moja, samaki ni mmoja, na mwenye wosia hawezi kuulizwa tena. Kama ungeitwa wewe, wote watatu wakikutazama usoni, ungempa nani? Na wale wawili ungewaambia nini?