Zimwi Lililopakata Mtoto

Sogeeni, mlioshiba na mnaongoja wali uive, hadithi imefika mlangoni.

Maji yalipokupwa, Mwanakombo aliingia mikokoni kutafuta kaa. Zimwi la matope likamdaka miguu.

“Nakumeza! Labda unionyeshe mti unaopumulia mizizi.”

Akalionyesha mchu, mizizi yake imechomoza topeni kama vidole.

“Mti unaotoa jasho la chumvi!”

Akachuma jani la mchu huohuo, akalilambisha. Zimwi likakunja uso.

“Mti unaozaa mtoto aliyekwisha kuota!”

Matope yalishamfika kiunoni. Mwanakombo akaangua chipukizi refu lililoning’inia kwenye mkoko. “Huyu hapa. Hebu nipakatie kidogo, nakuja.”

Zimwi ni zimwi, lakini adabu lilikuwa nayo: ukipewa mtoto umpakate, humtupi. Likamwachia miguu, likampokea mtoto kwa mikono miwili. Mwanakombo huyooo, na kapu lake la kaa!

Mtoto akatia mizizi mapajani, mizizi ikalikumbatia zimwi mpaka leo. Maji yakipwa, utasikia matope yakitoa mapovu: “Mama yake yuko wapi?”

Nao wanawake wanaotafuta kaa hujibu wakicheka: “Anakuja! Mbembeleze tu!”