Bosi Aliyesema Kusubiri si Kazi

Soma hadi mwisho, kisha mtumie bosi wako kama unao ujasiri.

Huko Iringa palikuwa na dereva wa mbio za magari, Bwana Lukosi, tajiri wa mbao mwenye gari lake na mafundi wake. Mkuu wa mafundi alikuwa Mgaya, mtu mpole aliyelipenda lile gari kuliko hata mwenye gari.

Siku ya mashindano, mafundi hukaa kituoni tangu alfajiri hadi usiku, wakingoja gari litoke porini. Likifika, wana dakika chache tu za kulitengeneza. Likichelewa kuondoka, dereva anaadhibiwa.

Basi vijana wakamwambia Mgaya wamechoka. Kila mashindano wanapitiliza muda wa kazi, na malipo ya saa za ziada hawayaoni. Wasipopata kitu safari hii, wanaondoka wote. Mgaya aliingiwa na hofu, maana bila vijana wale gari lake lingebaki pambo la uani. Akaenda kwa bosi.

"Saa za ziada za nini?" Bwana Lukosi akashangaa. "Kutwa mko kivulini mnakunywa soda! Nawalipa mkishika spana. Kusubiri si kazi, Mgaya."

"Kweli, bosi?"

"Si kazi. Hata mbuzi wangu pale nyumbani anasubiri."

"Haya, bosi. Tutafanya kama ulivyosema."

Jumapili ikafika. Bwana Lukosi alikuwa anaongoza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaingia kituoni kwa mbwembwe, honi juu, rejeta ikifuka mvuke. Turubai lipo, jeki ipo, tairi zimepangwa. Mafundi hawapo.

"Mgaya! We Mgaya!"

Akaruka nje, akaivamia jeki mwenyewe, akaiweka juu chini. Watazamaji wakaangua kicheko. Jasho likamtiririka na machozi yakamlengalenga, maana kombe alikuwa analiona linakwenda hivi hivi.

"Jamani, nimechoka kusubiri!" akapiga kelele.

Sauti ikamjibu kutoka nyuma ya hema la jirani: "Umechokaje, bosi, na spana hujashika?"

Akatokea Mgaya na vijana wake, glavu mkononi, rejeta nyingine begani. Mgaya alikuwa ameshapima kwamba muda uliobaki unatosha. Wakalivamia gari, likaondoka kwa wakati, na jioni Bwana Lukosi akarudi na kombe.

"Mgaya, mlikuwa mmejificha pale tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, bosi. Tuliapa leo hatusubiri, tukashindwa. Gari likiwa porini, hata soda haipiti kooni."

Bwana Lukosi akaona aibu kweli kweli. Akaliweka kombe chini.

"Nisameheni. Saa zenu nitazilipa zote, na za nyuma pia."

Vijana wakashangilia. Mmoja wao, mtundu kidogo, akauliza, "Na yule mbuzi anayesubiri, bosi?"

"Yule naye kusubiri kwake kumefika mwisho," akasema Bwana Lukosi. "Tafuteni mkaa."

Funzo: Ukitaka kujua kama kusubiri ni kazi, usimuulize anayesubiriwa. Muulize anayesubiri, kisha umlipe.