Majina Marefu ya Semboja

"Jina refu, njia fupi." Bi Tunu alipowaambia hivyo vijana wapya wanaojifunza kuandika programu, waliguna, wakamtaka aeleze msemo huo umetoka wapi. Akavuta kiti. Haya, methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na watani wawili, Semboja na Mkude, walioandika programu ya benki ya damu ya hospitali moja. Mnajua kila kitu ndani ya programu hupewa jina na mwandishi wake. Mkude alikuwa mvivu wa majina, Mungu amsamehe: k, k2, kk, basi. Semboja yeye aliyaunganisha maneno mazima, akaandika mifukoInayosubiriMajibu, yaani mifuko ya damu ambayo majibu ya vipimo hayajatoka, wala haoni taabu. Mkude akimcheka mpaka machozi.

"Mtani, hayo ni majina au treni ya mizigo? Ndiyo maana kwenu harusi haziishi, bwana harusi anatajwa mpaka alfajiri!"

Semboja hucheka naye, kisha huendelea kuandika.

Siku moja Semboja alikwenda kuzika kwao milimani, ambako simu haishiki. Asubuhi Mkude akarekebisha kipande chake cha programu, akaridhika. Mchana mkewe, Mwanahawa, akajifungua katika hospitali ile ile. Mara simu ikalia.

"Kaka Mkude," muuguzi alisema, "mtoto mzima, lakini mama anatoka damu nyingi. Friji imejaa mifuko ya damu, na kompyuta yenu inasema hakuna mfuko hata mmoja uliopimwa. Bila kompyuta kuthibitisha, haturuhusiwi kumwongezea damu."

Looo! Mkude akafungua kazi yake mwenyewe. k2. k2 ndiyo nini? Kiasi? Kundi? Aliyeandika ni yeye, na hajui! Aliogopa, jamani.

Akafungua kipande cha Semboja, ambacho hakuwahi kukisoma. Kila jina lilijieleza lenyewe. Hapa mifukoInayosubiriMajibu, chini yake mifukoIliyopimwaIkoSalama. Ndipo alipoona: asubuhi ile k2 yake aliielekeza kwenye mifuko inayosubiri badala ya iliyopimwa, na siku hiyo hakuna uliosubiri, yote ilikwisha kupimwa. Akabadilisha jina moja tu.

"Imetokea!" muuguzi akasema kwa sauti. "Tunamwongezea sasa hivi."

Semboja aliporudi, Mkude alimpokea stendi, akamshika mikono yote miwili asimwachie.

"Mtani, ahsante. Mke wangu yuko hai kwa majina yako."

"Yale ya treni?"

"Yale yale. Nilidhani unapoteza muda, kumbe ulikuwa unanifyekea njia."

Akamchukua mpaka nyumbani. Mwanahawa, bado mnyonge lakini anatabasamu, akampakatisha mgeni mtoto.

"Anaitwa nani huyu bwana?" Semboja akauliza.

Mkude, yule yule wa k2, akalitaja lote bila kukatisha. "Shukurani Semboja Mkude."

"Mtani, refu hilo!" Semboja akasema, anajifuta macho.

"Jina refu," Mkude akamjibu, "njia fupi."