Profesa Fisi Alivyowashukuru Nyuki

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nani?

— Pakawa mwenye meno!

Na nani mwingine?

— Pakawa mwenye mkia!

Haya, kaeni. Anayetafuna atafune kimya.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu, na ndani ya chuo mlikuwa na nyumba ndefu yenye kibao mlangoni: Kituo cha Taaluma za Kanda. Kanda ni nini? Hata mimi niliuliza. Ni nchi za wenzako. Waliomo mle kazi yao ilikuwa kwenda kwa wenzao, kuwaangalia wanavyokula, wanavyooana, wanavyozikana, kisha kurudi kuandika. Shangazi yangu alifanya hayo hayo maisha yake yote, akaitwa mmbeya. Wao waliitwa watafiti.

Mkubwa wa Kituo alikuwa Profesa Fisi. Kila Ijumaa Kasuku alipanda juu ya bati, ta-ta-ta, akatangaza habari za wiki. Profesa Fisi amewapokea wageni kutoka Kanda ya Mabwawa. Profesa Fisi amekula na wageni. Profesa Fisi amewasindikiza wageni, kisha amerudi kumalizia walichobakiza. Hizo ndizo habari, na Ijumaa iliyofuata zilikuwa hizo hizo, wageni tu ndio wapya.

Na kuandika je? Swala alirudi kutoka nyikani na kitabu. Fisi akakipokea, akafuta jina la Swala kwa ulimi, lamba lamba, akaandika lake. Kakakuona alirudi kutoka mchangani na kitabu. Fisi akakipokea, akafuta jina la Kakakuona kwa ulimi, lamba lamba, akaandika lake. Nungunungu alilalamika, akahamishiwa stoo. Wengine wakajifunza kunyamaza.

Sasa mle ndani alikuwamo Kindi. Kadogo, mkia mkubwa kuliko mwili, na maswali makubwa kuliko mkia. Nyuki akirudi kutoka mauani, mbona hucheza kwanza ndipo wenzake wajue alikotoka? Malkia akifa, nani hupewa habari mwanzo? Hakuna aliyejua, na Kindi asipojua jambo hali wala halali. Akafunga kibuyu chake cha maji, akaenda Kanda ya Nyuki, akakaa masika mawili kwenye tawi lililo jirani na tundu lao. Akaangalia, akaandika, kwaru kwaru. Akaangalia, akaandika, kwaru kwaru. Nyuki wakamzoea, wakawa wanamjibu. Siku moja malkia wao akafa, wote wakaenda kuzika. Kindi akabaki na njaa yake. Akaingia tunduni, akala masega saba.

Msinitazame hivyo. Simulizi ndivyo ilivyo.

Nyuki waliporudi walimtafuta mwizi mpaka wakachoka. Wakasema ni nyegere. Kindi akaandika kwamba nyuki wamesema ni nyegere.

Alirudi Kituoni vuli ikikaribia. Na kanuni ya Kituo ilikuwa hii: mtafiti ambaye hana kitabu chenye jina lake vuli ikianza, anatolewa chumbani. Kindi hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mti wake ulishakatwa, mbao zikajengewa ofisi ya Profesa.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, binti. Umetuletea nini?"

"Nyuki, Profesa."

"Na asali?"

"Habari zao tu."

"Weka mezani."

Kindi akauona ulimi wa Fisi umeshaanza kulowa. Akajua zamu yake imefika. Akaomba siku moja tu ya kurekebisha nukta, na Fisi akampa, maana kwa asiyesoma, nukta ni nini?

Kituo kilikuwa na desturi nyingine. Kitabu hakiingii maktaba mpaka mwandishi akakisome kwa wenye kanda, maana yake aende akasimame mbele yao na kuwasomea alichowaandika. Fisi aliipenda desturi hiyo kwa sababu ya karamu. Ila hakusoma kitabu kizima. Alisoma ukurasa wa shukrani, huo wa mwisho, maana ni mfupi na chakula huja ukiisha. Kindi aliyajua hayo. Siku ile moja hakurekebisha nukta hata moja. Aliandika ukurasa wa shukrani.

Kesho yake, lamba lamba, jina la Kindi halipo. Safari ikaanza, Fisi mbele, Kindi nyuma amebeba kitabu.

Nyuki walikuwa wamejipanga matawini. Mkubwa wao, bibi mmoja mwenye bawa lililochanika, akasema mgeni huyu hawamfahamu. Waliyekaa naye ni Kindi.

"Huyo alinibebea kalamu," Fisi akasema. "Mtafiti ni mimi."

Akafungua ukurasa wa mwisho, akakohoa, akasoma kwa sauti nene.

"Mimi mwandishi nawashukuru nyuki wote. Nawashukuru kwa tawi. Nawashukuru kwa kivuli. Nawashukuru kwa masega saba niliyoyala mlipokwenda kumzika malkia."

Bibi nyuki akashuka tawi moja.

"Rudia hapo, Profesa," bibi nyuki akasema taratibu.

Fisi akadhani amewagusa moyo. Akarudia, na safari hii akaweka mkono kifuani.

"Na hayo umeyaandika mwenyewe?"

"Tangu neno la kwanza hadi la mwisho."

Vuuuuu.

Wakamshukia puani, wakamshukia masikioni. Alipofungua kinywa kusema kitabu si chake, wakamwingia humo humo, ulimi ukavimba kama ndala. Akakimbia, parakacha parakacha, hadi kwenye bwawa, akazama akaacha pua. Bibi nyuki akaruka juu yake akamwambia kwamba kitabu kile kikionekana popote na jina lake, watakuja kumsikiliza tena.

Basi Profesa akatoa mkono majini, akaashiria kalamu, na Kindi aliyekuwa amemfuata akampa. Akaandika kwa mkono wake kwamba jina lake lifutwe, kitabu kirudi kwa Kindi. Kindi akafuta, akaandika lake. Ukurasa wa shukrani akauchana, akautafuna, akameza.

Ijumaa Kasuku akatangaza kwamba Kindi ametoa kitabu, chumba ni chake, na Profesa yuko bwawani kwa utafiti. Swala na Kakakuona wakaja kumpongeza Kindi. Wakamwuliza nani hasa aliyekula yale masega. Kindi akasema hilo linahitaji utafiti zaidi.

Funzo lenyewe ndilo hili, wajukuu: waheshimuni wakubwa, waacheni watangulie kila mahali, hasa penye nyuki. Na wizi ni mbaya. Kindi aliujua ubaya wake, ndiyo maana akamwachia mwingine.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, semeni ni ya bibi yenu. Ikiwa chungu, andikeni ni ya Fisi.