Migao Arobaini Aliyoshinda

Fundi saa mmoja, aliyeitwa Mhando, alikuwa na kiti kwenye meza ya kwanza ya ligi ya poka ya mtandaoni. Meza hiyo ina viti vinane tu, na wanaoviwania ni mamia. Hawachezei fedha, wanachezea pointi na jina. Kila Jumapili alasiri Mhando alifunga kibanda chake, akaegemeza simu kwenye kopo la bisibisi, akacheza. Misimu mitatu alikaa pale bila kutikiswa, na watu asiowajua wakawa wanamwandikia kumwita Bwana Mkubwa. Alilizoea jina hilo upesi kuliko ilivyofaa.

Msimu wa nne mambo yakaenda mrama. Jumapili saba mfululizo alishindwa. Alilaumu karata. Alilaumu mtandao, akabadili laini. Alisema programu inagawa karata kwa upendeleo, na kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Mkewe akamkumbusha kuwa mwaka jana, alipokuwa anashinda, programu ilikuwa hiyohiyo. Zikabaki Jumapili tano. Sheria ya ligi ni fupi: anayemaliza wa nane anashuka. Mhando aliogopa kushuka, lakini aliogopa zaidi kuambiwa kwamba misimu yote mitatu ilikuwa bahati tu. Hilo hakumwambia mtu.

Palikuwa na mwanamke aliyefundisha poka kila Jumamosi, jina lake Siwema. Siku nyingine za wiki alikuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka masokoni kupima kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Mhando alimzidi umri kwa miaka ishirini, na jambo hilo lilimkalia kooni wiki nzima. Mwishowe akakimeza kiburi chake, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alikwenda na daftari. Humo alikuwa ameandika migao thelathini aliyoshindwa, kila mgao na karata zake, na jina la aliyemdhulumu. Akaisoma kama mlalamikaji mbele ya hakimu. Siwema alisikiliza sita, akanyoosha mkono, akalifunga daftari.

"Hii umeshaililia vya kutosha, Mzee Mhando," alisema. "Nionyeshe uliyoshinda."

Mhando alidhani anataka kumtuliza roho. Programu hutunza kila mgao uliochezwa, kwa hiyo alifungua simu akatoa migao arobaini ya ushindi, akianza na ule uliompa jina. Siku hiyo alikuwa na saba na mbili, karata ambazo hata mgeni wa mchezo huzitupa bila kufikiri. Yeye alibaki kwa ubishi tu, na karata ya mwisho kufunuliwa mezani ikaja kumwokoa. Siwema aliifunika karata ile kwa kidole gumba, akamwuliza alikuwa anangoja nini pale kabla haijaja. Wakaenda mgao wa pili, na wa tatu. Walipofika wa ishirini alikuwa anazifunika mwenyewe. Katika arobaini, ishirini na mitatu ilikuwa makosa yaliyosamehewa na karata ya mwisho, na kosa lilikuwa lilelile lililokuwa likimwangusha sasa: hakujua kutupa karata mbaya na kuondoka mgaoni mapema. Siku zote alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na aliyemvika ni ushindi wenyewe.

Siwema hakushangaa. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mteja akipunjwa huja juu siku hiyohiyo, lakini akizidishiwa hufunga kikapu chake akaenda zake, na mizani ikabaki mbovu.

Iliuma. Mhando aliona kama amenyang'anywa vikombe vyake kimoja kimoja. Lakini ndani ya uchungu ule alipata kitu ambacho hakuwa nacho kwa wiki saba: kazi ya kufanya. Mkosi hauna fundi. Kosa linaye, na fundi mwenyewe ni yeye. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa ufunguo.

Akajifunza kuondoka. Jumapili ya kwanza aliondoka mno, hata wakamcheka. Ya pili alipata kipimo. Ya tatu na ya nne alipanda, pointi kwa pointi. Ya tano ikamkuta wa saba, akimzidi wa nane kwa pointi tatu.

Mgao wa mwisho ulimpa kopa nne, akihitaji moja tu kutimiza tano za kushinda. Karata ilibaki moja. Kati ya nafasi tano, moja ndiyo ingemfaa, na dau lililotakiwa lilikuwa kubwa mno kwa nafasi hiyo. Zamani angebaki, angesema moyo umemwambia. Sasa alihesabu mara moja, akazitupa karata zake, akakunja mikono. Wengine wawili wakaendelea, na karata ya mwisho ikafunuliwa. Ilikuwa kopa. Mmoja wa wawili hao ndiye aliyekuwa wa nane. Alizoa dau lote, akampita Mhando. Mezani wakamwandikia pole za kejeli. Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema kwa huruma kwamba angebaki angeshinda.

"Ningeshinda," Mhando alisema, "na kesho nisingejua kucheza."

Akashuka meza ya pili akiwa na furaha ambayo meza ya kwanza haikuwahi kumpa, na waliokuwa wakimngoja huko kwa hamu ya kumla walikoma kucheka kabla mwezi haujaisha.

Basi ninyi mnaonisikiliza: makosa yaliyowaangusha mmeyaleta hapa kwa machozi, nasi tumeyasikia. Yale yaliyowafanikisha mmempelekea nani ayakague?